Kamati ya Kivuli cha Mashua ya Wagonjwa

Nchi ninayoisimulia ipo, ila usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani yetu imefungiwa kabatini, na ufunguo anao afisa aliyekwenda likizo enzi za waziri aliyepita. Ni nchi nzuri, tunaambiwa hivyo redioni kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari. Ina Bara, ina Kisiwa, na katikati ina maji ya mwendo wa saa tatu kwa mashua ya tanga, upepo ukiwa na adabu. Hospitali iko Bara. Wagonjwa wako Kisiwani. Mpango huo ulibuniwa na wataalamu ili wananchi wasiugue ovyo.

Mimi ni karani wa Wizara ya Jua, Mwanga na Vivuli, tawi la Kisiwani. Msicheke, ni wizara kama wizara nyingine. Kwetu jua ni mali ya Serikali, na kwa kuwa kivuli ni mahali ambapo jua limepungua, mwenye kuweka kivuli anapunguza mali ya umma. Miti haiulizwi kwa sababu haina anuani. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzigonga muhuri na kuzipeleka zinakotakiwa. Nimeifanya miaka kumi na tisa na sijawahi kupoteza barua hata moja. Katika maisha yangu yote hakuna jambo ninalolijutia kama hilo.

Kuna desturi moja ya kwetu ambayo mgeni lazima aielewe, vinginevyo atapotea njia. Jambo ambalo hujaliombea ruhusa halimhusu mtu. Fuga mbuzi sebuleni, panga matofali barabarani, hakuna atakayekugusa. Lakini siku ukiliombea ruhusa, linahesabiwa limekatazwa tangu mwanzo, na linabaki limekatazwa mpaka likubaliwe. Ndiyo maana watu wa kwetu wana heshima sana na hawaombi kitu. Wanaoomba ni wageni, wendawazimu, na watu wenye ndugu anayefanya kazi ofisini.

Mimi nilikuwa ndugu huyo.

*

Mashua yenyewe inaitwa Afya Kwanza. Zamani ilikuwa na injini, lakini injini ilichukuliwa kwenda kuendesha chemchemi ya mapambo mbele ya Wizara, mahali ambapo wageni wa heshima wanapigwa picha. Tukabakiwa na mlingoti na tanga. Nyuma ya mashua pana uwazi wenye mabao ya kukalia pande mbili. Hapo ndipo anapokaa nahodha na usukani wake, na hapo hapo wanakaa wagonjwa, kwa sababu mbele maji yanaruka.

Nahodha ni shemeji yangu, Tausi, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye sugu. Mumewe ni kaka yangu Mshamu, aliyefundisha hesabu shule ya Kisiwani mpaka figo zake zote mbili zilipokufa. Tangu hapo Jumanne na Ijumaa Tausi alimvusha kwenda kusafishwa damu kwa mashine, akamrudisha. Akikosa mara moja anavimba miguu. Akikosa mara nyingi, daktari alituambia bila kuzungukazunguka, anakufa.

Shida ilikuwa jua. Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, na pale nyuma hapana hata kivuli cha kuficha sikio. Tausi alikuwa anafunga khanga mbili kwa kamba juu ya kichwa cha mumewe, na zilifaa vizuri mpaka upepo ulipozidi. Siku moja zilichomoka zikaenda zao, na Mshamu akazirai katikati ya safari. Jioni ile Tausi alikuja kwangu, akakaa kwenye kizingiti.

"Shemeji, nataka turubai tu la kufunika pale nyuma. Mzee Jongo analo, lile la bluu la maroli. Mabomba manne, pete za kupitishia kamba, siku moja kazi imekwisha."

Ningemwambia nenda ukafunge, tungekuwa tumemaliza. Lakini nilikuwa nimevaa shati la ofisini, na mtu akivaa shati la ofisini anasema mambo ya ofisini.

"Andika barua, Shemeji. Ile ni mashua ya Serikali, tufanye kwa utaratibu. Mimi si nipo pale? Itapita mikononi mwangu."

"Lazima?"

"Siku mbili tatu tu."

Aliiandika kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Mshamu mwenyewe alimsahihishia alama za vituo, maana hata figo zikifa mwalimu ni mwalimu. Niliigonga muhuri Jumatatu saa tatu asubuhi. Jumanne walisafiri kama kawaida. Alhamisi jibu likaja, na sijawahi kuona ofisi yetu ikijibu haraka namna ile.

*

Jibu lilisema hivi, nami nililisoma kwa sauti mbele ya Tausi kwa sababu kanuni zinataka lisomwe kwa sauti:

"Serikali imepokea kwa furaha kubwa ombi la kivuli cha Afya Kwanza, na imetambua kwa masikitiko makubwa kwamba mashua hiyo imekuwa ikisafiri bila kivuli. Kwa kuwa imethibitika, kwa maandishi ya nahodha mwenyewe, kwamba jua la pale nyuma ni hatari kwa wagonjwa, mashua inasimamishwa mara moja ili kulinda afya yao. Kamati itaundwa. Wananchi wawe watulivu na waendelee kuugua kwa nidhamu."

Jibu lilikuja pamoja na mnyororo na mlinzi. Mnyororo ulifungwa mlingotini, mlinzi akafungwa kwenye kiti.

Wagonjwa wengine walijitahidi. Mwenye homa aliisubiri homa ipoe, mjamzito mmoja alizalishwa na mkunga wa mtaani, wote wawili salama. Figo hazisubiri. Ijumaa asubuhi Tausi alimpakia Mshamu kwenye mkokoteni wakaenda gati la samaki. Msimamizi wa pale alikuwa muungwana sana. Alieleza kwamba mashua za samaki zina leseni ya kubeba samaki, hivyo chochote kinachopakiwa humo kinaandikwa samaki, na samaki haruhusiwi kufika Bara bila kulazwa kwenye barafu.

"Akilazwa humo hata nusu saa hataamka," Tausi alisema.

"Samaki wetu wote hawaamki, mama," akajibu msimamizi kwa upole.

Nami niliandikia Wizara ya Afya. Walijibu kwamba wagonjwa ni wao, lakini jua si lao.

*

Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja. Mwenyekiti aliitwa Bwana Sururu, mtu mnene mwenye sauti laini, aliyewahi kuongoza Kamati ya Kuchagua Upande wa Kufungukia Mlango. Kamati ile ilikaa miaka miwili, na mlango mpaka leo umefungwa, lakini taarifa yake ilisifiwa sana. Mimi nilipewa kuandika kumbukumbu za vikao. Nilikubali upesi nikidhani nitamsaidia kaka yangu kutoka ndani. Mtu akiwa na matumaini huwa mjinga kidogo.

Siku ya kwanza walijadili kama tatizo lipo. Saa sita mchana wajumbe wote walitoka uani kulikagua jua. Walilikuta. Walisimama chini yake kwa dakika nne, mjumbe mmoja akaona kizunguzungu, wakarudi ndani kwenye feni. Niliandika: "Kamati imejiridhisha kwamba jua lipo na linafanya kazi."

Siku ya pili ikaanza habari ya rangi, na hapo ndipo tulipozama.

Nyekundu ilikataliwa kwanza. Ilikuwa rangi ya chama cha wale waliokimbilia ng'ambo, na ingeonekana kana kwamba tunawapungia mkono warudi. Kijani ni rangi ya chama chetu, kila mtu alisimama kwa heshima ilipotajwa, kisha mtaalamu wa vitambaa akasema kwa hofu kwamba kijani ikikaa juani miezi sita inapauka. Hakuna aliyekuwa tayari kutia saini karatasi inayosema chama kitapauka. Njano ilikuwa rangi ya gari la mke mdogo wa Mheshimiwa Waziri, na mke mkubwa naye ana macho. Nyeusi ni msiba, na msiba kwetu hutangazwa na Ikulu tu. Nyeupe ni ya kujisalimisha. Tutaambiwa tumesalimu amri mbele ya jua, ambalo ni mali yetu wenyewe.

"Na bluu?" niliuliza. Karani haruhusiwi kuuliza, lakini ilikuwa Jumanne na mashua nilikuwa naiona dirishani.

"Bluu," alisema Bwana Sururu akifumba macho, "ni rangi ya bahari. Mashua ya Serikali ikifunikwa bluu haitaonekana ikiwa juu ya maji. Serikali isiyoonekana, ndugu karani, inaitwaje?"

Aliniambia niandike kwamba karani hakuwa na jibu.

*

Siku ya nne walimwita nahodha atoe ushahidi. Tausi alikuja na kilemba chake cha baharini, akasimama, maana kiti cha mashahidi kilikuwa kinachunguzwa na kamati nyingine.

"Bi Tausi," alianza Mwenyekiti, "Kamati hii inakupenda. Tuambie, kama mwananchi wa kawaida usiye na elimu ya rangi, unahitaji nini?"

"Nahitaji kuondoka."

"Tunazungumzia kitambaa."

"Haya. Nyeupe siitaki, inaumiza macho. Maji yenyewe yanawaka, ukiweka na nyeupe juu sioni ninakokwenda. Nyeusi inashika moto, mtu chini yake anaoka. Bluu ya maroli ni nzito, haipitishi jua, haichaniki. Isiwe juu sana, isigonge ile boriti ya tanga inapozunguka. Mzee Jongo anajua kipimo, nilishampa. Mkisema ndiyo sasa hivi, kesho mchana nipo Bara na mume wangu."

Wajumbe walitazamana kwa masikitiko, kama watu waliosikia mtoto akitaja bei.

"Umesema 'isigonge boriti ya tanga,'" alisema mjumbe mmoja mwenye miwani. "Kwa hiyo tanga nalo liko juu ya wagonjwa?"

"Liko juu, ndiyo. Ndilo linalotupeleka."

"Na linatoa kivuli?"

Tausi alimtazama. "Wakati mwingine. Kidogo."

"Kwa kibali cha nani?"

Niliona mkono wake ukitafuta kitu cha kushika, usikipate. Alijibu taratibu, kama anayemfundisha mtu kufunga kamba. "Mheshimiwa, mume wangu ana siku tisa hajasafishwa damu. Analala amekaa, akilala chini anakosa pumzi. Nawaomba. Sitaki tena kivuli. Nifungulieni tu nimpeleke juani hivyo hivyo, ile barua naifuta."

Bwana Sururu alijipangusa jicho kwa kitambaa. Alisema ameguswa. Alisema huu ndio moyo wa kizalendo. Kisha akaeleza kwamba barua ikishagongwa muhuri si ya mwandishi tena, ni ya taifa, na kwamba mwenye kuifuta barua ya taifa ana kifungo. Alimpa Tausi pongezi za Kamati, tukapiga makofi. Nilipiga na mimi. Niliona Tausi akiniangalia mikono.

*

Nyumbani kwao nilikwenda kila siku baada ya kazi, na kila siku niliona aibu kuingia. Mshamu alikuwa anakaa kitandani ameegemea gunia la sufi. Ukibonyeza mguu wake kidole kilibakiza shimo. Midomo ilikuwa imekauka na maji alipimiwa kwa kikombe cha kahawa. Alinipenda sana kaka yangu, hata wakati ule, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Mdogo wangu, mmefika rangi gani leo?"

"Kahawia."

"Wameikataaje?"

"Wanasema ni rangi ya udongo, mashua itaonekana imekwama."

Alicheka mpaka akakohoa, na Tausi akaja kumshika mgongo bila kusema na mimi. Alipopata pumzi alisema, "Wajumbe kumi na mmoja. Kila mmoja ana haki ya kukataa. Rangi zilizobaki mimi nazijua idadi, Nasibu, na siku zangu nazijua idadi. Hesabu hii haigawanyiki."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nilimwambia Jumatatu itakuwa tayari. Nilikuwa nimeshaanza kuongea kama ofisi, hata nikiwa nimekaa kitandani kwa ndugu yangu wa tumbo moja, na nikajichukia. Nilipokuwa navaa viatu Tausi alinifuata mlangoni.

"Shemeji, hivi huwezi kuipoteza ile barua?"

"Ina nambari ya kumbukumbu. Ina nakala tatu."

"Miaka kumi na tisa," alisema, "na hujui kupoteza karatasi."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

*

Suluhisho lilipatikana siku ya nane, na ninalieleza kwa fahari niliyoamriwa kuwa nayo. Kwa vile hakuna mjumbe aliyethubutu kuchagua rangi, ilipendekezwa ichaguliwe na Baba Mkuu wa Taifa. Kwa vile hakuna aliyethubutu kumuuliza Baba Mkuu wa Taifa, iliamuliwa iulizwe picha yake ya ukutani. Nyuma ya mabega yake pale pana rangi fulani. Rangi hiyo ndiyo itakuwa rangi ya kivuli.

Mjumbe mmoja alisema ni ya maziwa. Mwingine alisema ni kijivu. Mwenye miwani alipanda kwenye meza akasema zamani ilikuwa kijani, ila picha imekaa karibu na dirisha. Akagundua alichokisema, akashuka mezani, na tangu hapo sijamwona tena. Kamati ikapitisha kwa kauli moja: kijani, kama ilivyokuwa zamani, na kama itakavyokuwa daima.

Ndipo walipomwita Mzee Jongo, fundi wa maturubai, ambaye tangu mwanzo hakuna aliyemkumbuka.

"Kijani sina," alisema Mzee Jongo.

"Agiza."

"Niagize wapi? Nchi nzima turubai linaletwa na meli moja, na meli imezuiwa bandarini haina kivuli. Mimi nina jora moja. Bluu. Tangu mwaka juzi ni hilo hilo."

Siku nane, wajumbe kumi na mmoja, vikombe mia tatu vya chai, na nchi nzima ilikuwa na kitambaa kimoja, kile kile alichokitaja Tausi kwenye kizingiti changu. Nilitamani kulia. Badala yake niliandika, maana mchana ule ule gazeti la Serikali lilitoa tangazo kwamba jora lililoko kwa fundi Jongo, kuanzia saa nane alasiri, ni la kijani. Mwananchi atakayeliita vinginevyo atapimwa macho kwa miezi sita. Kwa hiyo nami hapa nitasema kijani, kwa kuwa bado nina kazi.

Mzee Jongo alishona kwa siku moja, kama alivyosema tangu mwanzo. Kipimo lakini hakikuwa cha Tausi. Kamati iliona kivuli kifupi kinadhalilisha dola, wakaamuru kirefushwe mabomba kwenda juu kimo cha watu wawili. Kikawa kinagonga boriti ya tanga. Mzee Jongo aliwaambia. Wakakaa tena nusu saa, wakapata jawabu: tanga liondolewe. Lilikuwa kubwa, lilikuwa la zamani, na kama ilivyothibitishwa na ushahidi wa nahodha mwenyewe, kwa miaka yote hiyo lilikuwa linatoa kivuli bila kibali. Lilikunjwa likapelekwa ghala la vielelezo, likafungiwa.

Niliuliza mashua itakwendaje. Niliambiwa Kamati yetu ni ya kivuli, si ya mwendo.

*

Uzinduzi ulifanyika Alhamisi. Safari nne zilikuwa zimekosekana. Mheshimiwa Waziri alitoka Bara kwa boti yenye injini mbili, na nilipoiona ikitia nanga nikamkimbilia dereva wake nikamsihi amchukue mgonjwa mmoja tu. Alisema angependa, lakini boti ya Waziri haina kivuli kilichoidhinishwa kwa wagonjwa. Alisema kwa huruma ya kweli. Watu wa kwetu wana huruma sana.

Mshamu aliletwa na watu wanne akiwa juu ya kiti. Kamati ilikuwa imemchagua kuwa mgonjwa wa mfano. Walimketisha pale nyuma ya mashua, chini ya turubai, kwenye maji tulivu mbele ya gati, na mimi nikakaa ubavuni kwake na koti langu la sherehe na kipimajoto, niandike nafuu yake kila dakika tano. Macho yake yalikuwa nusu wazi. Pumzi yake ilikuwa inakuja kwa vipande. Mlinzi alifungua mnyororo, kwani ilipangwa mashua isukumwe hatua tatu kutoka gatini kisha ivutwe irudi, ili wapiga picha wapate maji mbele na nyuma.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa Waziri alinguruma. "Mataifa makubwa yamekwenda mwezini, lakini je, huko mwezini wameweka kivuli? Hawakuweka! Sisi tumeweka! Leo jua limeketi chini, na mgonjwa wa taifa hili ameketi juu! Mtazameni alivyotulia! Mnamwona anavyopumua kwa raha?"

Makofi. Bendi. Tausi alikuwa ameshika usukani, amevaa sare mpya waliyompa, nguo ya kijani ile ile. Alikuwa anamtazama mumewe, si Waziri. Kisha alitazama juu, kwenye turubai, akalitazama kwa muda mrefu, na upepo ulikuwa unatoka Kisiwani kwenda Bara, ukilijaza kwa chini.

Alitoa kisu kiunoni. Alikata kamba za mabomba mawili ya mbele, akapitisha kamba ya kupandishia tanga kwenye pete za turubai.

"Shemeji, shika hii."

"Tausi, hicho ni kivuli cha..."

"Shika."

Nikashika. Ni kitu cha kwanza nilichofanya kwa miaka kumi na tisa bila barua. Tukavuta, turubai likapanda mlingotini, mabomba yakaanguka majini moja baada ya jingine, na upepo ukalikamata. Mashua ilipita ile hatua ya tatu, ikapita ya nne. Watu walidhani ni sehemu ya ratiba. Walipiga vigelegele. Mlinzi alipiga saluti. Mheshimiwa Waziri alitupungia mkono akaendelea na hotuba, ambayo ilikuwa na kurasa kumi na nane. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba kivuli kimefanya kazi kuliko ilivyotarajiwa.

*

Baharini hapakuwa na mtu wa kunipima macho. Lilikuwa la bluu. Lilikuwa bluu nzito, ya maroli, na lilivuta kama linajua linapelekwa wapi.

Lakini lilikuwa dogo. Mita nne kwa tatu haziwezi kufanya kazi ya tanga zima, na kule mbele lilikotundikwa kivuli chake kilianguka majini, mbali na sisi. Jua la saa sita lilikuwa linatupiga utosini bila kizuizi chochote. Mshamu tulimlaza kwenye mbao. Alifumbua macho akalitazama turubai, akanitazama.

"Theluthi mbili za mwendo," alisema. "Tutafika saa kumi na nusu."

"Tutafika, kaka."

"Nimesema mtafika." Kisha akasema, "Jua."

Nilivua koti nikalitandaza kwa mikono miwili juu ya uso wake, nikiwa nimepiga magoti, nimempa Tausi mgongo. Tausi alikuwa amebana usukani kwa mikono na kwa goti, kwa sababu tanga lisilo tanga linavuta ovyo, na ukiliachia kidogo tu mashua inageuka ubavu. Hakuweza kuja. Macho yake yalikuwa juu, kwenye kitambaa.

Tulikwenda hivyo. Mshamu alikuwa ameshika kifundo changu cha mkono. Mikono ikaanza kuchoka, nikaikaza. Nilimwomba msamaha kwa sauti ndogo, kwa ajili ya muhuri, kwa ajili ya makofi, kwa kila kitu nilichokiandika vizuri. Sijui kama alisikia. Pumzi moja ilikuja, ikachelewa, ikaja nyingine. Nikangoja. Vidole vyake vililegea kwenye mkono wangu, vikateleza, vikatua kwenye mbao.

Bara ilikuwa bado mstari mwembamba tu.

"Shemeji!" Tausi aliita nyuma yangu, sauti yake ikipigana na upepo. "Kivuli kinamfika?"

Nilimtazama kaka yangu chini ya koti. Uso wake ulikuwa umepoa.

"Kinamfika," nikasema.

"Usikishushe!"

"Sikishushi."

Na sikukishusha mpaka Bara.